Kuyeyusha Barafu na Kusafisha Friza

Leo nataka tuzungumze habari za friza, lile sanduku la kugandishia ambalo siku hizi limeingia katika nyumba nyingi za mjini, na hata vijijini palipofika umeme. Wengine wanalo kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani tu. Lakini kwa wengi, na hasa kina mama, friza ndiyo duka: humo mna barafu za ubuyu na ukwaju, mna samaki wa kuuza kesho, mna maziwa. Friza ikifa, mtaji nao umekufa. Basi ninyi wenye friza ya biashara nisikilizeni zaidi.

Tuanze na barafu yenyewe, ile inayoota kwenye kuta. Yatoka wapi? Wengi hudhani yatoka katika nyama au maji tuliyoweka ndani. Sehemu kubwa haitoki huko, yatoka hewani. Hewa ina unyevu tusiouona kwa macho, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi mno. Kila mfuniko ufunguliwapo, hewa ya nje huingia, unyevu wake hugusa kuta zenye baridi kali, nao huganda pale pale. Ndiyo sababu friza mbili za namna moja, moja ikiwa Tanga na nyingine Dodoma, ile ya Tanga hujaa barafu upesi zaidi. Na mtoto akiifungua mara ishirini kwa siku, ameiongezea barafu mara ishirini.

Je, barafu hiyo ina ubaya gani, maana friza ni ya baridi na barafu ni baridi? Hapo ndipo watu wanapokosea. Barafu nene ni kama blanketi. Msicheke! Blanketi halina joto lake. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite. Mabomba ya baridi yamo ndani ya kuta, na chakula kipo katikati. Barafu ikiwa nene, joto la chakula halipati njia ya kufika kwenye mabomba likaondolewa. Mashine hunguruma bila kupumzika, umeme unaliwa bure, na samaki hawapati ile baridi inayotakiwa, yaani digrii 18 chini ya sifuri. Ukiona barafu imezidi nusu sentimita, karibu na unene wa kalamu ya risasi, siku yake imefika.

Chagua siku ambayo vitu ni vichache, uanze alfajiri kabla jua halijawa kali. Vitoe vyote, uvipange vikigusana katika sanduku au beseni, uvifunge kwa magazeti mengi, kisha uvifunike kwa blanketi zito. Blanketi lile lile tulilolilaumu sasa ni rafiki, kwa kuwa linazuia joto la nje lisiingie. Weka mahali penye kivuli, wala usifunue kila mara kutazama.

Sasa chomoa plagi ukutani. Kuzungusha kile kifundo cha baridi mpaka sifuri hakutoshi, maana mikono yako itakuwa majini. Fungua kizibo cha chini kama kipo, utandaze matambara sakafuni. Weka ndani sufuria mbili za maji ya moto juu ya ubao au kitambaa kilichokunjwa, ufunge mfuniko kwa dakika kumi na tano, kisha ubadilishe maji. Vipande vitaanza kubanduka vyenyewe. Vitoe kwa mkono au kwa mwiko wa mti.

Lakini kisu, hapana! Wala bisibisi, wala nyundo. Hili nalisema kwa nguvu, na hasa kwa kina baba, ambao wakiona kazi inakawia huchukua panga. Kuta za ndani ni bati jembamba, na nyuma yake mna bomba la gesi. Tundu dogo kama la sindano latosha: gesi itatoka, na baada ya hapo mashine itanguruma mchana kutwa bila baridi. Bomba lile limezikwa ndani ya ukuta wa povu, na fundi akija mara nyingi husema heri ununue nyingine.

Tena gesi zenyewe zimebadilika. Friza nyingi za zamani zilitumia gesi iitwayo R12, ambayo huharibu tabaka la ozoni huko juu angani. Mwaka 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal, nchini Kanada, kuziacha gesi za namna hiyo hatua kwa hatua. Friza nyingi mpya hutumia R600a. Hii haidhuru ozoni, lakini huwaka moto, kwani ni ndugu wa gesi ya kupikia. Tazama kibandiko kilicho nyuma karibu na mashine, utaona imeandikwa. Kwa hiyo usiweke jiko la makaa wala mshumaa ndani kuharakisha kazi. Ukisikia mlio wa kufoka, fungua madirisha, usiwashe moto wala usiguse swichi yoyote, umwite fundi.

Kuosha ni kazi nyepesi. Tia vijiko viwili vikubwa vya bikabonati ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki, katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, upanguse kote. Harufu ya samaki huondoka. Mpira wa mlango uoshe ndani ya mikunjo yake, kwani huko ndiko ukungu hujificha. Kausha vizuri sana, maana tone utakaloacha ndilo barafu ya kesho. Kisha washa, uache ipoe barabara kabla ya kurudisha vitu.

Unaporudisha, pima kila kimoja. Kilicho kigumu, au bado kina chembe za barafu ndani, kirudi. Kilicholainika lakini bado kina ubaridi kama wa friji, kipike leo. Kilichopata joto kwa zaidi ya saa mbili, kitupe, hata kama kinauma. Baridi haiui vijidudu, huvilaza tu; vikiamka na kuzaana, kugandisha tena hakukusaidii.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja katika kikundi afanye majaribio mawili. Kwanza, afunge mlango wa friza juu ya kipande cha karatasi, akivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Pili, agandishe kikombe cha maji, aweke sarafu juu ya barafu, akiache humo. Umeme ukikatika usiku nanyi mmelala, asubuhi tazameni sarafu ile. Ikiwa juu, barafu haikuyeyuka. Ikiwa imezama chini ya kikombe, msiwauzie watu samaki wale.