Haki si Hisani: Lugha ya Mzazi katika Kumfundisha Mtoto Habari za Askofu Trevor Huddleston, Masasi na Newala

Utangulizi



Mtoto anayekulia Masasi au Newala hupata mafunzo yake ya kwanza kuhusu haki kabla hajaingia darasani. Huyapata jikoni, chini ya mikorosho, njiani kuteka maji na barazani kwa babu yake. Huyapata pia kwa zaidi ya lugha moja: Kimakonde, Kimakua au Kiyao, pamoja na Kiswahili. Sheria ya Elimu ya 1978 iliifanya shule ya msingi kuwa ya lazima. Kwa hiyo mafunzo ya nyumbani yanayozungumziwa hapa hayakusudiwi kuchukua nafasi ya shule, bali kuikamilisha. Swali la mhadhara huu ni la kiisimu: mzazi anapomsimulia mwanawe habari za mtetezi wa haki, maneno anayoyateua humfundisha mtoto nini kuhusu haki yenyewe?

Mfano uliochaguliwa ni wa Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, jina lake limo katika historia ya mahali hapo hapo anapoishi mtoto. Pili, habari zake ni rahisi mno kusimuliwa vibaya.

Mtu na mahali

Huddleston alizaliwa Uingereza mwaka 1913. Mwaka 1943 shirika lake la kitawa lilimpeleka Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg, ambako watu walimpa jina la Makhalipile, yaani mtu asiyetishika. Aliishi huko katika miaka ambayo siasa ya ubaguzi wa rangi ilikuwa inageuzwa kuwa sheria. Sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliweka shule za Waafrika chini ya serikali iliyotaka kumwandaa mtoto mweusi kwa utumishi wa chini. Tarehe 9 Februari 1955 polisi walianza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu. Mwezi Juni mwaka huohuo, katika Mkutano wa Watu uliofanyika Kliptown, Huddleston alitunukiwa nishani ya Isitwalandwe pamoja na Albert Luthuli na Yusuf Dadoo. Baada ya hapo shirika lake lilimrudisha Uingereza. Tarehe 26 Juni 1959, jijini London, yeye na Julius Nyerere walihutubia mkutano uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Kampeni hiyo ndiyo iliyozaa Vuguvugu la Kupinga Ubaguzi wa Rangi, ambalo baadaye Huddleston alikuwa rais wake.

Masasi aliyoikuta mwaka 1960 haikuwa mahali pasipo kumbukumbu ya haki. Misheni yake ilianzishwa mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili anayejulikana vyema na wanaisimu, alipowaleta hapo watu waliokombolewa kutoka utumwani. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na mwaka 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaanza. Wakimbizi walivuka Mto Ruvuma, wengi wao wakiwa Wamakonde waliosema lugha moja na wenyeji wa Newala. Aliyetoka Sophiatown akakuta kwamba suala la haki limemtangulia.

Kofia na salamu

Kisa kinachofaa kuanza nacho nyumbani ni kile alichokisimulia mara nyingi Askofu Mkuu Desmond Tutu. Alipokuwa mtoto, alimwona padri mzungu akipita, akainua kofia yake kumwamkia mama yake Tutu, mwanamke mweusi aliyefanya kazi za nyumbani. Padri huyo alikuwa Huddleston. Kwa mtoto wa Afrika Kusini ya wakati ule, jambo hilo lilikuwa kama mlima kusogea.

Kwa mtoto wa Newala, hata hivyo, kofia haisemi kitu. Ni lazima ishara ifasiriwe, na tafsiri iliyo karibu ni salamu. Mtoto huyu anajua kwamba mdogo huanza kumwamkia mkubwa. Anajua pia, bila kufundishwa, kwamba wako watu wasioamkiwa na baadhi ya wapitao: mchunga mbuzi, kibarua, mwanamke mwenye ndoo kichwani. Basi mzazi na awape watoto mchezo wa kuigiza. Mmoja awe mkuu fulani, mwingine awe kibarua mzee, na mkuu ndiye aanze kusema shikamoo. Kisha waulizwe: nani amepungukiwa? Jibu litatoka kwao: hakuna.

Hapo ndipo lugha inapohitaji uangalifu. Mzazi akisema, "Huddleston alimpa heshima yule mama," mtoto ataelewa kwamba mama hakuwa nayo hadi alipopewa. Akisema, "Aliitambua heshima ya yule mama," mtoto ataelewa kwamba heshima ilikuwepo siku zote, na kosa lilikuwa la wale waliopita bila kuamkia. Vitenzi hivi viwili vinatenganisha hisani na haki.

Kupewa, kuwa na, kudai

Neno haki, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, huandamana na vitenzi kadhaa: mtu ana haki, hupewa haki, hunyimwa haki, hudai haki, hutenda haki. Watoto husikia zaidi kupewa, na kwao anayepewa sharti ashukuru. Hisani nayo hupewa na hushukuriwa. Maneno haya mawili yakitumiwa na kitenzi kimoja kila siku, mwishowe mtoto huyaona kuwa ni kitu kimoja.

Maisha ya Huddleston yanatoa mifano ya kuyatenganisha. Alimpatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza; hiyo ilikuwa hisani, na Masekela aliyekuja kuwa mwanamuziki wa kimataifa hakuisahau. Lakini shule nzuri kwa watoto wa Sophiatown haikuwa tarumbeta. Ilikuwa haki iliyonyimwa, na Huddleston hakuiomba kama zawadi. Mzazi anaweza kuwapa watoto orodha ya mambo ya nyumbani, kama vile pipi kutoka mnadani, chakula cha jioni, daftari, nguo ya sikukuu na kusikilizwa unapoonewa, kisha wayapange mafungu mawili, haki na hisani. Watabishana, na ubishi huo ndio somo.

Kitenzi cha tatu ni bagua, chenye maana ya msingi ya kutenga. Msimu wa korosho watoto huwaona wazazi wakitenga korosho za daraja la kwanza na la pili. Waachwe wafanye kazi hiyo, kisha waulizwe kipimo ni nini. Korosho hubaguliwa kwa ubora unaoonekana na kupimwa. Je, rangi ya ngozi hupima nini? Kwa njia hii ubaguzi wa rangi huacha kuwa msamiati wa kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Darasa lisilo na ubao

Mzazi wa Newala huenda akasema kwamba hana vitabu, wala Kiswahili chake si sanifu. Historia yenyewe inamjibu. Mwaka 1955, wazazi wa Afrika Kusini waliposusia elimu ya Wabantu, kuendesha shule isiyosajiliwa lilikuwa kosa la jinai. Yaliundwa makundi yaliyoitwa vilabu vya utamaduni, ambamo watoto walijifunza hesabu, historia na jiografia kwa nyimbo, hadithi na michezo, kwa kuwa mafundisho rasmi yangewaletea polisi. Vilabu hivyo havikudumu, lakini vilithibitisha kwamba uwanja wa nyumba unaweza kuwa darasa.

Uwanja wa Newala una mchanga wa kutosha kuchorea ramani ya Sophiatown, Masasi na London. Ukingoni mwa uwanda, penye Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma linaonekana na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mtoto aelezwe kwamba tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde wa upande wa pili, walipigwa risasi na wakoloni wa Kireno. Na kwamba tarehe hiyohiyo mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto waliuawa wakipinga kulazimishwa kusomeshwa kwa Kiafrikana. Kisha apewe kazi ya kumuuliza bibi yake: kwa Kimakonde, haki husemwaje, na hisani husemwaje? Jibu liandikwe kama lilivyotamkwa. Mzazi asiyejiamini kwa Kiswahili hugeuka kuwa mwalimu, na lugha ya nyumbani huwa chombo cha elimu badala ya kuwa kitu cha kuonewa haya.

Swali lisiloepukika

Mtoto akisikia jinsi Sophiatown ilivyobomolewa, huenda babu akakumbuka kuhamishwa katika miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji, na mtoto akauliza: "Na sisi je?" Mzazi asimnyamazishe. Matukio haya mawili si sawa: moja lilitenga watu kwa rangi zao ili wengine wachukue ardhi, jingine lilikusudia kuwasogeza wananchi karibu na shule, maji na zahanati. Hata hivyo, sehemu nyingi nguvu ilitumika na nyumba zikaachwa. Kumfundisha mtoto kupambanua mambo, bila kuyafananisha kijinga wala kuyaficha, ni kumheshimu. Mtoto anayeruhusiwa kuuliza habari za Johannesburg tu amefundishwa kwamba haki ni jambo la mbali.

Hitimisho

Hatari ya mwisho imo katika kauli ya kitenzi. Ikisimuliwa kwamba Waafrika wa Sophiatown walikombolewa na Huddleston, mtoto ataondoka na mzungu mmoja mwema na umati wa watu wasio na majina. Ukweli ni kwamba walijikomboa, naye alisimama pamoja nao, na Luthuli na Dadoo wanastahili kutajwa katika sentensi hiyohiyo. Yeye mwenyewe aliondoka Masasi mwaka 1968 na kiti chake kikakaliwa na askofu Mtanzania. Aliishi hadi kuona uchaguzi wa 1994, akafariki mwaka 1998, na majivu yake yakazikwa Sophiatown.

Kwa mzazi wa Masasi na Newala, kazi haihitaji fedha. Inahitaji jioni moja, mchezo wa salamu, fungu la korosho, swali kwa bibi, na uangalifu wa kuteua kitenzi. Atakayesikia nyumbani kwao kwamba ana haki, siku atakaponyimwa hataomba hisani.