Maji Yanayong'aa

Leo tuzungumze juu ya maji mnayochota kila asubuhi.

Mama mmoja alileta mtoto wake hapa kliniki. Mtoto alihara siku mbili. Macho yameingia ndani. Ukifinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama. Nikauliza, «Mama, mnakunywa maji gani?» Akajibu kwa hasira kidogo, «Maji ya chemchemi, munganga. Yanang'aa kama kioo. Nyanya yangu aliyanywa mpaka uzee.»

Mama huyu hakusema uongo. Lakini wakati wa nyanya yake, juu ya chemchemi palikuwa msitu. Leo pale juu ni nyumba tupu, na kila lupango ina choo.

Sikilizeni namna maji yanavyoharibika chini ya udongo. Mvua ikinyesha, maji yanashuka polepole, udongo unayachuja, yanatulia chini. Kisima kinapata maji pale. Lakini maji machafu ya choo yanashuka pale pale. Choo kikiwa mbali, udongo unapata nafasi ya kuchuja. Kikiwa karibu, uchafu unafika kisimani upesi. Na hapa Kisangani mvua ni nyingi: maji ya chini yanapanda, yanakutana na shimo la choo.

Huko pwani, Dar es Salaam na Mombasa, kuna visima vilivyoharibika kwa njia nyingine. Watu wakivuta maji mengi mno, maji ya bahari yanaingia chini ya udongo, na kisima kinakuwa cha chumvi. Mama wa kule anajua mara moja, ulimi unamwambia. Sisi ulimi hautuambii kitu. Vijidudu vya kuhara, vya tifoide na vya kipindupindu havina ladha wala rangi. Lakini tuna neema moja: chumvi haiondoki kwa kuchemsha, bali vijidudu vinakufa motoni.

Msidharau jambo hili. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza hapa Kisangani, kikafuata mto pamoja na wasafiri, kikapita Mbandaka, kikafika Kinshasa.

Basi, fanyeni hivi:

1. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Weka katika bidoni safi yenye kifuniko. Usitumbukize mkono wala kikombe, mimina.

2. Makala ni bei kali, najua. Basi chemsha kwanza maji ya watoto. Kama makala hayapo kabisa, jaza maji yasiyo na tope katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juani tangu asubuhi mpaka jioni. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

3. Mtoto asiyetimiza miezi sita anyonye tu. Hahitaji maji mengine.

4. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, tena upande wa chini. Lupango yako ni ndogo? Zungumza na jirani kabla hajachimba. Kisima chako na choo chake ni jambo moja. Kumpenda jirani kunaanzia hapo.

5. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka choo, na kabla ya kulisha mtoto.

Mtoto akihara, usingoje. Twaa lita 1 ya maji yaliyochemshwa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visijae. Koroga, umnyweshe kidogo kidogo. Endelea kumnyonyesha, na umlete hospitali upesi. Akitapika kila kitu, au akilegea, au akiwa na damu katika choo, njoo hata usiku.

Mtoto yule alipona, Mungu asifiwe. Kuna wengine tuliowapokea wamechelewa. Siku ya kurudi nyumbani mama yake akaniuliza, «Sasa munganga, niache chemchemi ya nyanya yangu?»

Nikamwambia, «Hapana mama, usiiache. Bomba halifiki kwenu, na mtoto lazima anywe. Chota, lakini usiamini macho yako. Yapitishe motoni kwanza, ndipo umpe mtoto.»

Na ninyi wamama, leo jioni, kabla ya kulala, wekeni sufuria motoni. Mungu awabariki.