Upole wa Kiambato Hauthibitishwi na Lebo



Shampuu nyingi za watoto na sabuni za maji za kunawia uso zina kiambato kiitwacho desili glukosidi. Wauzaji hukisifu kuwa ni kipole kwa sababu kimetokana na mimea. Kipole ni kweli, lakini sababu sio hiyo.

Nazi ileile inayotupatia desili glukosidi hutupatia pia sodiamu laurili salfeti, kiambato kikali kiasi kwamba wataalamu wa ngozi wakitaka kuiwasha ngozi kwa makusudi katika majaribio yao, hukitumia hicho. Asili moja, tabia mbili. Basi tutazame umbo.

Kila molekuli ya kusafishia ina mkia unaoshika mafuta na kichwa kinachofuata maji. Kichwa cha salfeti kina chaji hasi. Hunasa kwenye protini za ngozi, zikavimba, na tabaka la juu linalotunza unyevu likalegea. Ndipo uso unapokakamaa baada ya kunawa. Kichwa cha desili glukosidi ni glukosi, sukari iliyomo kwenye wanga wa mahindi. Ni kikubwa na hakina chaji, kwa hiyo huondoa mafuta bila kung'ang'ania protini.

Mkia wake una atomi 10 za kaboni, na hutokana na mafuta ya nazi au ya mise. Katika mafuta ya nazi, karibu nusu ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12. Asidi ya kaboni 10 ni kama asilimia 6 tu. Hiyo hutengwa, hugeuzwa kuwa alkoholi, kisha huunganishwa na glukosi kwa kichocheo cha asidi. Njia ya kuunganisha sukari na alkoholi namna hiyo aliieleza mkemia Mjerumani Emil Fischer mwaka 1893, na viwanda vikaja kuzalisha viambato vya jamii hii kwa wingi miaka ya 1990. Hapana mnazi uzaao desili glukosidi. Ni kazi ya maabara, wala hilo si aibu.

Sasa tuingie kwenye chumba cha kuchanganyia. Kiambato hiki huuzwa kikiwa majimaji mazito ya rangi ya manjano hafifu, karibu nusu yake maji. Chovya humo karatasi ya kupimia pH: itasoma kati ya 11.5 na 12.5. Sabuni ya kipande huwa kwenye 9 au 10, na ngozi yetu yenyewe karibu 5. Kiambato huachwa na pH hiyo ya juu ili bakteria wasiote humo. Mtengenezaji hana budi kutia asidi ya sitriki kidogo kidogo, akikoroga na kupima, mpaka pH ishuke kufikia 5.5 hivi. Akiruka hatua hiyo, atakuwa amemuuzia mama mzazi kitu kikali kuliko sabuni ya kufulia, na lebo bado itasema "asilia".

Tena, kipole kwa wengi si salama kwa wote. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitangaza jamii nzima ya glukosidi hizi kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Wanaodhurika ni wachache, ila wapo.

Nchini Tanzania, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na wajasiriamali wa shampuu za nyumbani wanaongezeka. Wengi wao wana ndoo, mwiko na mizani. Wasicho nacho ni kipimo cha pH. Idara za kemia za vyuo vyetu zinavyo vipimo hivyo, na vingi hukaa kabatini muhula ukiisha. Pendekezo langu ni kwamba tuwafungulie wajasiriamali hao maabara, wapime kila mchanganyiko kabla haujatiwa chupani, na matokeo yake yaandikwe kwenye lebo mahali palipokuwa na neno "asilia".