Ploti za Kayole



Wengi wetu tukipata kiinua mgongo twakimbilia ploti Kayole, tujenge vyumba vya kupangisha. Si vibaya. Lakini cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi si hati ya kumiliki. Tukague kwanza daftari la ardhi la serikali, ndipo tutoe fedha.

Tena tusipandishe ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini. Huruma, Aprili 2016, jumba la ghorofa 6 lilianguka, watu karibu 50 wakafa. Walikuwa wapangaji, kama tulivyo wengi wetu.

Na tukihesabu faida tukumbuke ushuru: tangu Januari 2024, apokeaye zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka hutoa asilimia 7.5 ya pango lote, hata kama mabomba yamekula nusu yake.