Bunduki Iliyokwama Haijafa
Hotuba kwa wakazi wa Sekta ya Butare, Wilaya ya Rusizi, baada ya umuganda



Wilaya yetu inapakana na Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na historia ya eneo hili imeacha silaha mahali pasipostahili. Mkulima aweza kuigonga kwa jembe, mchunga ng'ombe aweza kuiona kichakani. Leo nasema juu ya kosa moja: kudhani kwamba bunduki yenye kutu, iliyokwama, ni chuma kitupu.

Bunduki inayojipakia yenyewe hufanya kazi kwa mzunguko. Risasi inapolipuka, sehemu ya gesi yake husukuma bolti nyuma na ganda tupu hutupwa nje. Kisha springi huirudisha bolti mbele, nayo huingiza risasi nyingine chumbani. Kutu, udongo, springi iliyolegea au kasha la risasi lililopondeka huukata mzunguko huo, na bunduki ikakwama.

Lakini kukwama si kufa. Kasha likiondolewa, risasi moja yaweza kubaki chumbani, isionekane kwa nje. Risasi iliyochakaa yaweza kukawia, ikalipuka sekunde kadhaa baada ya kifyatulio kuvutwa. Nyingine huwa na baruti dhaifu, ikanasa ndani ya mtutu. Itakayofuata yaweza kuupasua mtutu usoni mwa aliyeishika. Kwa hiyo, anayejaribu kuitengeneza nyumbani anacheza na uhai wake na wa watoto wake.

Ukiiona silaha, usiiguse, usiivute, wala usiigonge. Weka alama mbali kidogo, wazuie watoto na mifugo, kisha mjulishe mkuu wa mudugudu au piga simu Polisi, namba 112. Kuibeba hadi kituoni si ushujaa. Tuache sisi tuifuate.

Najua wapo wanaonyamaza kwa hofu: "Nikisema, nitaulizwa niliipata wapi." Ndiyo, utaulizwa, kwa kuwa jibu lako laweza kutuonyesha iliko nyingine. Lakini sheria inamwadhibu anayemiliki silaha bila kibali, na kila siku unayoificha inakusogeza upande huo. Anayetoa habari mapema hujitenga nao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jambo hili si letu peke yetu. Tarehe 21 Aprili 2004, Rwanda ilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo pamoja na majirani zake, wakiwemo Burundi na Kongo. Itifaki hiyo iliandikwa mezani, lakini hutimizwa shambani, na mtu anayeona na kusema.

Mwezi ujao tutakutana tena hapa. Tuhesabiane, na asipungue hata mtoto mmoja.