Mkoba wa kitenge usiuzwe kwa huruma

Maneno yaliyosemwa mbele ya wamama washonaji wa shirika letu, hapa Baraka



Niliombwa nizungumze juu ya soko. Lakini soko linaanzia kwenye meza ya kukatia, basi nitaanzia pale.

Kitenge kipya kiloweshwe kwanza, kikauke, kipigwe pasi. Pamba inasinyaa ikipata maji, na rangi zingine zinatoka. Usipofanya hivyo, siku mteja atafua mkoba, kitambaa cha nje kitapungua, cha ndani kitabaki vile kilikuwa, na mkoba utakaa kama mtu mwenye kuumwa tumbo. Huyo harudi tena kununua, na atawaambia wenzake.

Tukate sasa. Pesi moja ni yadi 6, ni kusema karibu mita 5 na nusu, na upana wake ni kama sentimita 115. Ukikata vipande vya 37 kwa 42, vitatu vinaingia kwenye upana. Safu 8 zinakupa vipande 24, ndiyo mikoba 12. Kile kinachobaki kinatosha mikanda yote, upana wa 10 na urefu wa 60, tena unapata vipochi vidogo vya simu. Nimeona fundi anatoa mikoba 8 tu kwenye pesi nzima, juu ya kukata bila karatasi ya kipimo. Ile minne imeanguka chini ya meza. Angalieni pia maua: kama ndege wa kitenge anasimama, asimame pande zote mbili. Ndege mwenye kichwa chini anapunguza bei.

Ili mkoba usimame, si lazima tungoje kitambaa kigumu cha kutoka mbali. Gunia la plastiki la mchele, likioshwa vizuri, linaingia katikati ya kitenge na kitambaa cha ndani. Lakini pasi isiliguse, linayeyuka. Na sindano ibadilishwe: ile namba 11 ya blauzi itavunjika, weka namba 16, refusha mshono kidogo, zungusha mashini polepole pale nguo zinapopandana.

Mkanda ndio unatuaibisha. Wengi wanaushona mstari mmoja kwenye ukingo, basi. Ingiza ncha ndani sentimita 3 au 4, shona mraba, halafu pitisha msalaba katikati ya mraba. Ni dakika mbili. Mama anayebeba unga na samaki toka sokoni hana haja na maua mazuri kama mkanda unakatika njiani.

Sasa bei. Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei zake. Tuseme pesi ni dola 12: kitenge cha mkoba mmoja ni dola 1. Kitambaa cha ndani nusu dola. Zipu, uzi na gunia nusu dola. Ni dola 2 mbele hujakaa kwenye mashini. Ukiuza kwa dola 2 na nusu, na kwa siku unashona mikoba 3, umepata dola 1 na nusu. Toa mafuta ya mashini, toa sindano, toa siku ile mkanda wa mashini unakatika. Ndiyo maana mashini zingine zimelala, mafundi wakiwapo.

Wengine wananijibu: lakini wageni wa mashirika wanalipa dola 10! Ni kweli, wanalipa, juu ya kusikia kwamba tulirudi toka Nyarugusu na Lugufu. Mimi mwenyewe nafanya kazi kwenye shirika, najua vile miradi inaisha: gari zinaondoka, na wateja wanaondoka ndani yake. Mkoba wenye kununuliwa kwa huruma haununuliwi mara ya pili. Mteja wetu wa kweli ni mwalimu, muuguzi, mama wa kanisa, mfanyabiashara wa Uvira. Huyo atalipa dola 4, lakini atavuta mkanda kwanza.

Neno moja gumu. Kuna wanaosema mashini ni za waliorudi peke yao, waliobaki nchini wakae kando. Sikubaliani. Wengi wetu tulijifunza kushona kambini, ni sawa. Lakini wale wamama walibaki, wanajua masoko ya milimani na wenye maduka, na walikuwa hapa wakati sisi tulikuwa ng'ambo ya ziwa. Tukiwafungia mlango, watanunua mikoba ya plastiki, na sisi tutashonea nani? Mashini sita, mafundi kumi na tano: zamu zipangwe, waliobaki wakiwa ndani.

Alhamisi kwenye mkutano mtaamua zamu na bei ya chini. Kila fundi alete mkoba mmoja alioshona mwenyewe. Mimi nitaleta kilo 5 za maharagi. Tutaning'iniza kila mkoba kwenye msumari, maharagi yakiwa ndani, toka saa tatu mpaka mkutano uishe.