Tujitolee, lakini Leta isilale
Mazungumzo kwa vijana, Goma, tarehe 5 Desemba 2022



Tarehe 5 Desemba ni siku ya kimataifa ya watu wenye kujitolea. Niliombwa niseme juu ya kilabu za kutumikia watu, kama Rotary, na juu ya sisi wenye diplome bila kazi. Naanza na jambo moja: kuna kujitolea kwenye kujenga mji, na kuna kujitolea kwenye kuachia Leta nafasi ya kulala.

Rotary ilizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1905. Avoka mmoja, Paul Harris, alikutana na rafiki zake watatu. Mwanzo ilikuwa urafiki na biashara tu. Kisha wakaanza kujiuliza: na mji, unapata nini kwetu? Munajua kazi yao ya kwanza kwa mji ilikuwa nini? Vyoo! Vyoo vya watu wote, katikati ya mji. Waliita mashirika mengine, wakasukuma viongozi mpaka vikajengwa. Wenye mabaa na magazini makubwa walipinga, juu mtu mwenye kutafuta choo alikuwa anaingia kwao na kununua kitu. Basi tangu mwanzo, kusaidia watu na kusukuma viongozi vilitembea pamoja.

Tuangalie polio. Mwaka 1988, ugonjwa huu ulikuwa unapooza watoto karibu 350.000 kila mwaka, katika inchi zaidi ya 100. Rotary ilikuwa imeanza kukusanya franka za chanjo tangu 1985. Tarehe 25 Agosti 2020, ilitangazwa kwamba virusi vya asili vya polio vimekwisha Afrika. Nyuma ya tangazo lile kuna mama na vijana wenye kupita nyumba kwa nyumba, glasieri begani, matone mawili kinywani mwa mtoto, wino kwenye kidole. Lakini kilabu peke yake haingeweza. Ilibidi OMS, UNICEF na serikali ziingie. Na kwetu Kongo kazi haijaisha: pale watoto wengi hawachanjwi, virusi vyenye kutokana na chanjo vinaendelea kuzunguka na kupooza.

Hapa kwetu hatukungoja kilabu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, familia za Sake na Minova zilifungua milango. Mwaka 2022 wakimbizi wa Rutshuru walikuwa Kanyaruchinya, na vijana waliwapelekea unga, maharagi na nguo. Hakuna aliyeuliza atalipwa ngapi. Hiyo ndiyo Goma.

Lakini tusidanganyane. Kuna shirika liliniambia nijitolee miezi mitatu, kisha nitapata mkataba. Miezi mitatu ikawa mwaka. Bosi anatembea na jeep, mimi hata franka ya moto sina. Ile si kujitolea, ni kutumikisha mtu bure. Katiba yetu, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mukongomani. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Sasa mama mwenye kubeba bidoni kutoka ziwani, haki yake iko wapi? Tukimuletea tanki moja la maji, tupige picha, turudi nyumbani, tumemusaidia siku moja. Kesho atarudi ziwani.

Kwa hiyo, kijana, mbele ya kujitolea uliza maswali matatu. Kazi hii inasaidia nani, watu wa kartie ao jina la mkubwa fulani? Franka zilizokusanywa zinaonyeshwa wazi? Na ni nani mwenye wajibu wa kufanya kazi hii, tumemwambia?

Siku ya posho tukizibua mfereji wa avenue yetu, tusiishie kwenye kunawa mikono. Tupige picha, tuandike barua, wakaaji watie sahihi, tuipeleke kwa chefu wa kartie na meri: taksi tunazolipa zinafanya nini? Wasipojibu, turudi tena, tukiwa wengi zaidi. Wale wa Chicago walifanya hivyo juu ya vyoo. Sisi tuko na maji, barabara na usalama wa kudai.

Mikono ifanye kazi, na mdomo usinyamaze.